Kuwasha IPv6 ni rahisi, kuzima IPv4 ndiyo kazi

Malalamiko ya kwanza yalikuja Jumatatu saa nne asubuhi. Barua pepe zinakwenda, lakini zenye viambatisho zinakwama. Fomu fupi zinapokelewa, picha hazipandi. Tovuti zinafunguka vizuri tu, mpaka utake kutuma kitu kizito. Mwenzangu mmoja alinipigia simu akasema, "Kaka, mtandao unafanya kazi ila haufanyi kazi," nikacheka. Kufikia jioni nilikuwa sicheki tena, kwa sababu katika sisi mafundi hakuna aliyeweza kulieleza tatizo vizuri kuliko yeye.

Usiku wa Jumapili nilikuwa nimewasha IPv6 kwenye taasisi ninayoitumikia. IPv6 ni toleo jipya la kanuni za anwani ambazo mashine hutumia kufikiana kwenye intaneti; la zamani, ambalo wengi bado tunalo, ni IPv4. Nilikuwa nimejiandaa, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimesoma, nimechora mpango ukutani, nimejaribu kila kitu kwenye maabara yangu ya ruta mbili na swichi moja chakavu. Wakati huo aliyetuuzia intaneti hakuwa na IPv6, kwa hiyo tuliipitisha kwenye handaki: pakiti (kifurushi cha data) ya IPv6 inafungwa ndani ya pakiti ya IPv4, inasafirishwa mpaka upande wa pili, inafunguliwa, inaendelea na safari yake. Lile bahasha la nje linakula baiti 20. Njia iliyokuwa inapitisha pakiti ya baiti 1,500 ikabaki na nafasi ya 1,480.

Hapo ndipo pakiti kubwa zilipokwama. Kwenye IPv4, ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti njiani, ikikuta pakiti kubwa kuliko njia iliyo mbele yake, inaruhusiwa kuikata vipande na kuipitisha. IPv6 imeiondolea ruta kazi hiyo. Ruta inaitupa pakiti, kisha inamrudishia aliyeituma ujumbe mfupi wa ICMPv6, ile ICMP ya kupeana taarifa za makosa njiani, kwa toleo la IPv6: pakiti yako ni kubwa mno, punguza mpaka hapa. Aliyeituma akisikia, anapunguza, mambo yanaendelea. Utaratibu mzuri kabisa, ila mimi ni wa rika lililofundishwa kwamba ICMP ni kipenyo cha wadukuzi, na kwamba fundi makini huifunga yote kwenye faiwoli, yule mlinzi wa mlangoni mwa mtandao. Nilikuwa nimenakili kanuni zangu za zamani neno kwa neno. Ruta yetu ilikuwa inapiga kelele siku nzima, na mimi ndiye niliyeziba masikio ya kompyuta zote.

Pakiti ndogo zilipita, ndiyo maana kila kipimo changu kilionyesha kijani. Niligundua saa tano usiku, nikafungua aina ile ya ujumbe, viambatisho vikaondoka kama maji yaliyofunguliwa lango.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonionyesha namna ya kulitazama jambo zima. IPv6 haikuwa na kosa. Kilichovunja mtandao ni mazoea ya IPv4 niliyokuwa nayo kichwani bila kujua kwamba ni mazoea. Nilidhani ni ukweli wa mitandao yote. Miaka imepita tangu siku hiyo, na karibu kila tatizo nililokutana nalo kwenye kuhama huku lilikuwa ndugu wa lile la kwanza: ya nne, yaani IPv4, imejificha mahali, imetulia, haionekani mpaka uiguse. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia kwa fahari kwamba wao wameshahamia IPv6, namuuliza swali moja tu: mmezima nini?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko IPv6 yenyewe. Mtandao wa ARPANET, babu wa intaneti, ulikuwa ukitumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iliyoitwa NCP. Hati RFC 791 ya Septemba 1981 (RFC ni hati zinazoeleza kanuni za intaneti) ndiyo iliyoiweka IPv4 tunayoijua, na miezi miwili baadaye Jon Postel alichapisha mpango wa kuhama, RFC 801. Tarehe ilipangwa: 1 Januari 1983, NCP inazimwa, asiyehama abaki nje. Na ikawa hivyo. Wapo waliovaa beji za kujitangaza kwamba wamenusurika.

Watu hupenda kuisimulia ile tarehe. Mimi napenda kilichotangulia. Katikati ya mwaka 1982 waliizima NCP kwa siku nzima, na baadaye mwaka huohuo wakaizima tena kwa siku mbili, kusudi wale waliokuwa wakijikokota waone kwa macho yao nini kitawapata. Hawakuhubiri, walizima. Simu zilipoanza kulia, wakajua nani bado hajahama na kwa nini.

Bila shaka walikuwa na mamia ya kompyuta, na kila kompyuta ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Leo huwezi kuitangazia dunia kwamba kesho asubuhi tunazima. Lakini unaweza kuutangazia mtandao wako mwenyewe, na hilo nitalirudia.

IPv4 ina biti 32 za anwani, maana yake anwani 4,294,967,296, na si zote zinazotumika kwa mashine za kawaida. Kwa jaribio la kuunganisha kompyuta za vyuo na maabara, hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi, na wakati ule fungu la anwani zaidi ya milioni 16 lilitolewa kwa taasisi moja bila mtu kutoa jasho. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 hesabu ilikwishaanza kutisha. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa CIDR wa kugawa mafungu kwa vipimo vya kadiri badala ya makubwa, ya kati na madogo tu. Mwaka 1994 ikaja NAT. Na Desemba 1995 ikachapishwa hati ya kwanza ya IPv6, RFC 1883, iliyoandikwa na Steve Deering na Robert Hinden, ikiwa na anwani za biti 128. (Ya tano ilikwenda wapi? Namba hiyo ilikwishachukuliwa na itifaki ya majaribio ya kusafirisha sauti na picha. Kila ninapotoa mafunzo lazima mtu aulize, kwa hiyo nimejibu mapema.)

Tazama miaka hiyo: NAT ilitangulia. Nyumba nzima, ofisi nzima, ikajificha nyuma ya anwani moja ya nje, huku ndani kila mtu akijipa 192.168 au 10 atakavyo. Ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu wakati tunasubiri matibabu, na dawa ikawa tamu mno. Kizazi kizima cha mafundi, mimi nikiwemo, kikaja kuamini kwamba NAT ni ulinzi. Hapana. Kinacholinda ni ile tabia ya kukataa miunganisho isiyoombwa, na hiyo ni kazi ya faiwoli, ambayo IPv6 inaikubali bila shida yoyote. Nimebishana juu ya jambo hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mbishi wangu wa kudumu ni fundi mzee aliyenifundisha kazi, na mpaka leo tukikutana hanisalimii kabla ya kuniuliza, "Bado unatembea uchi?"

Kingine wanachopenda kulaumu watu ni kwamba waliobuni IPv6 hawakuifanya ielewane na IPv4. Kompyuta yenye IPv6 pekee haiwezi kuongea na yenye IPv4 pekee bila mkalimani katikati, hilo ni kweli. Lakini lawama hii huwa siielewi. Kichwa cha pakiti ya IPv4 kina biti 32 za kuandikia anwani ya anayetuma na 32 za anayetumiwa, basi. Mashine ya zamani haina pa kuiandika anwani ndefu zaidi, hata ungeongeza biti moja tu. Yeyote ambaye angekuja na mpango wowote wa kupanua anwani angegonga ukuta uleule. Tatizo la kweli lilikuwa la faida: anayehama wa kwanza hapati chochote, kwa sababu hakuna wa kuongea naye. Anayepata ni wa mwisho. Kwa hiyo kila mtu akawa anamsubiri mwenzake, na miaka ikaenda.

Kilichowasukuma watu hatimaye ni ankara. Tarehe 3 Februari 2011, IANA, hifadhi kuu ya anwani za dunia, iligawa mafungu yake makubwa matano ya mwisho, moja kwa kila sajili ya kanda. Mwaka huohuo Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni ya Nortel iliyokuwa imefilisika, kwa dola milioni 7.5. Ukigawanya unapata dola 11.25 kwa anwani, kwa kitu ambacho zamani kilikuwa kikiombwa kwa barua. Hifadhi za kanda nazo zikaisha moja baada ya nyingine: ile ya Amerika Kaskazini Septemba 2015, ile ya Ulaya ikatoa fungu lake la mwisho Novemba 2019. Na kuanzia 1 Februari 2024 Amazon inatoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya hadharani kwenye huduma yake ya wingu. Nusu senti inaonekana si kitu mpaka uwe na seva mia mbili. Mimi niliyekuwa nimemwandikia bosi wangu ripoti za kurasa kumi na tano kuhusu mustakabali wa intaneti, nikamwona siku moja anakuja mezani kwangu na karatasi moja mkononi, safu moja ya tarakimu imezungushiwa wino mwekundu. "Hizi ndizo zile anwani zako?" Ndiyo, bosi. "Tunazihama lini?"

Nirudi nyuma kidogo, kwenye mpango wa anwani, maana hapo niliaibika kwa namna nyingine.

Mtu aliyelelewa na IPv4 ni bahili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukata fungu la anwani 256 vipande vya nane nane na kumi na sita kumi na sita, na nilijisifu kwa kuwa na mabaki machache. Tulipopewa fungu letu la IPv6, lile la /48 (biti 48 za kwanza hazibadiliki, zilizobaki unazigawa mwenyewe), nilikaa nalo wiki mbili nikipanga. Idara ile ina watu hamsini? Nikaipa /120, anwani 256, nikaona nimekuwa mkarimu. Niliporudi Jumatatu, hakuna kompyuta hata moja iliyojipatia anwani. Utaratibu wa IPv6 wa mashine kujitungia anwani yenyewe, bila kuuliza seva, unahitaji mtandao mdogo uwe /64: nusu ya kwanza inatangazwa na ruta, nusu ya pili mashine inajijazia. Kila mtandao mdogo, hata wenye printa mbili, unapewa anwani 18,446,744,073,709,551,616.

Moyo wangu ulikataa. Nilihisi kama mtu anayemwaga maji jangwani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwenye IPv6 huhesabu mashine kabisa, unahesabu mitandao. Fungu la /48 lina mitandao midogo 65,536. Ukianza kuhesabu hivyo, mpango unakuwa mfupi na wa kupendeza: tarakimu hizi mbili ni jengo, hizi mbili ni aina ya kazi. Nikiona anwani sasa naisoma kama namba ya nyumba, najua jengo, najua kama ni simu, seva au kamera. Chini ya IPv4 sikuwahi kuwa na anasa hiyo, kwa sababu kila kipande kilikuwa kimejazwa kilichopatikana.

Kuzisoma kwenyewe ni mtihani, sikatai. Makundi manane ya tarakimu nne nne za heksadesimali (0 mpaka 9, kisha a mpaka f), na kanuni ya kufupisha sifuri kwa nukta pacha mbili. 2001:db8::1 na 2001:0DB8:0:0:0:0:0:1 ni anwani moja. Kompyuta inajua, amri yako ya kutafuta kwenye logi haijui. Niliwahi kuapa mbele ya kikao kwamba mashine fulani haijawahi kuingia kwenye seva yetu, huku imeingia mara mia nne, imeandikwa kwa herufi kubwa. Hati RFC 5952 ya mwaka 2010 imetoa namna moja ya kuandika: herufi ndogo, sifuri za mbele zifutwe, mfululizo mrefu zaidi wa sifuri ndio ufupishwe. Laiti kila programu ingeisoma.

Lakini kipindi kilichonizeesha hasa ni kile cha kuendesha zote mbili pamoja. Ushauri wa kawaida, na ndio nilioufuata, ni kuiongeza ya sita pembeni ya ya nne, uziache zitembee sambamba, halafu siku moja ya nne itajifia yenyewe. Inasikika kama busara. Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi nilikuwa na majengo saba.

Kila kitu kinakuwa viwili. Kanuni za faiwoli mbili, rekodi mbili za DNS (daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani), A kwa ya nne na AAAA kwa ya sita (A nne kwa sababu biti 128 ni mara nne ya 32), vipimo viwili, mahali pawili pa kukosea. Tulikuwa na seva moja ambayo poti yake ya usimamizi ilifungwa kwa kila mtu isipokuwa sisi. Tuliifunga kwa ya nne. Kwa ya sita ilibaki wazi miezi mitano, mpaka dada mmoja wa kitengo chetu alipojaribu kuingia akiwa nje ya ofisi kwa simu yake, akaingia, akashangaa. Bahati yetu ni kwamba aliyegundua ni yeye. Nilipopitia kanuni zote usiku ule nilikuta nyingine tatu za namna hiyo. Hakuna aliyezembea, kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake mara moja, na kazi ilihitaji kufanywa mara mbili.

Tena usidhani kwamba usipowasha IPv6 uko salama na hayo. Mifumo ya kompyuta na simu za leo huja ikiwa imewashwa. Kabla hata sijaanza mradi wowote, tulipata siku moja ambayo ghorofa nzima ilipungua kasi, na mkosaji alikuwa kompyuta moja ya mezani iliyokuwa inashiriki muunganisho wake. Ilijitangaza kuwa ni ruta ya IPv6, na mashine zote jirani zikaiamini, maana hakukuwa na ruta nyingine ya kuikanusha. Mtandao wetu "usio na IPv6" ulikuwa nayo, ila haikuwa na mlezi. Swichi nzuri zina uwezo wa kukataa matangazo ya aina hiyo kutoka poti za watumiaji. Uwashe hata kama huna mpango wa kuhama kamwe.

Halafu kuna hili linalofanya matatizo yasionekane. Vivinjari na programu nyingi za leo zikikuta jina lina anwani za aina zote mbili, zinajaribu ya sita, na isipoitika ndani ya muda mfupi, kiasi cha robo sekunde, zinajaribu ya nne pia, kisha zinashika itakayotangulia kuitika. Utaratibu huo uliwekwa rasmi mwaka 2012, na kwa mtumiaji ni neema. Kwa fundi ni pazia. Njia yetu ya IPv6 kwenda kwa mtoa huduma mmoja ilikufa kabisa kwa siku tisa na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila kitu kilirudi kimyakimya kwenye ya nne. Ya nne ilikuwa imekuwa mto wa kuegemea. Ukiwa nao, huwezi kujua kama mgongo wako una nguvu.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wale wa 1982.

Nilimwomba bosi Jumamosi moja. Tukatangaza wiki mbili kabla: Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, jengo letu la mafundi litakuwa na IPv6 pekee. Mkalimani tulimweka tayari, maana nusu ya dunia bado iko upande wa pili. Kazi yake iko hivi: mashine ya IPv6 ikiuliza anwani ya tovuti iliyo na IPv4 tu, seva ya DNS inaitungia anwani ya IPv6 kwa kuibandika ile ya nne mwishoni mwa kiambishi maalumu, 64:ff9b::, na pakiti zinazokwenda huko zinapita kwenye kifaa cha NAT64 kinachozigeuza. Mtumiaji haoni kitu. Mitandao mikubwa ya simu duniani imekuwa ikifanya hivi kwa miaka, na tangu Juni 2016 Apple hudai kila programu inayowekwa kwenye duka lake iweze kufanya kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee. Ndiyo sababu simu, ambazo nilikuwa nikiziogopa kuliko vyote, hazikunipa hata jasho.

Walionipa jasho walikuwa wengine kabisa. Saa mbili na dakika tano printa ya ghorofa ya pili ilitoweka. Saa mbili na robo mfumo wetu wa kufuatilia afya ya seva ukatangaza kwamba seva zote zimekufa. Zilikuwa hai, mfumo wenyewe ndio uliokuwa unazitafuta kwa anwani za ya nne zilizoandikwa kwa mkono miaka sita iliyopita. Saa tatu tukagundua kwamba nakala za akiba za usiku zinategemea skripti ambayo aliyeiandika alikwishaacha kazi, na ndani yake kuna 10.0.3.17 mara kumi na moja. Programu moja ya mikutano ilikataa kabisa kwa sababu haiulizi DNS. Inapewa anwani ya IPv4 moja kwa moja na kuikimbilia, na mkalimani wetu hakuiona. (Hiyo ina dawa yake, inaitwa 464XLAT: mashine yenyewe inajifanyia IPv4 ya bandia kwa ndani na kuigeuza kuwa IPv6 kabla haijatoka. Simu zinayo. Kompyuta za mezani wakati ule nyingi hazikuwa nayo.)

Kubwa kuliko yote lilikuwa dogo. Mfumo wa usajili ulikuwa unawatoa watu nje kila baada ya kubofya mara moja. Waliingia, wakabofya, wakatolewa. Tulizunguka nalo mpaka saa saba. Kwenye hifadhidata kulikuwa na safuwima ya anwani yenye nafasi ya herufi 15, urefu halisi wa anwani ndefu kuliko zote ya IPv4. Anwani ya IPv6 inaweza kufika herufi 39. Mfumo uliikata, ukaihifadhi, na kila mtu alipobofya ukalinganisha anwani nzima na ile iliyokatwa, ukaona ni watu wawili, ukamtoa kwa usalama wake. Tulikuwa na IPv6 kwenye jengo lile kwa miaka miwili. Kwa miaka miwili mfumo huo haukuwahi kuonja pakiti moja ya ya sita, na hakuna aliyejua, kwa sababu seva yake haikuwa na rekodi ya AAAA mpaka tulipoiweka kwa ajili ya Jumamosi ile, na kila mtu alikuwa akipita kwa ya nne.

Saa nane tukaiwasha ya nne, tukaagiza chakula, nikaandika orodha. Ilikuwa na mambo kumi na saba. Miaka miwili ya kuendesha zote mbili ilikuwa imenionyesha labda manne kati ya hayo.

Tukafanya zoezi hilo kila mwezi, jengo kwa jengo. Orodha ya pili ilikuwa na mambo tisa, ya tatu manne. Kuna mwezi mmoja hatukupata kitu nikaingiwa na wasiwasi, nikaenda kukagua kama kweli tulizima.

Siku hizi sihitaji hata kuwalazimisha. Tangu Oktoba 2020 kuna RFC 8925, inayotumia chaguo namba 108 la DHCP, utaratibu wa mashine kuomba anwani kwenye mtandao: mashine inapoomba anwani ya IPv4 inasema pia kwamba inaweza kuishi bila hiyo, na mtandao ukiwa na mkalimani unaijibu basi, kaa bila. Isiyoweza inapewa ya nne kama zamani. Wote wako kwenye mtandao mmoja, jina moja la Wi-Fi, na ya nne inatolewa kwa anayeihitaji tu, kama dawa. Kwetu simu karibu zote zimekwishaacha kuiomba, na kompyuta mpakato nyingi pia. Kila Ijumaa natazama ni mashine ngapi zimepewa IPv4 wiki hiyo. Nafurahia kuiona ikishuka kuliko ninavyofurahia kuiona ya sita ikipanda. Asilimia za IPv6 kupanda, hata zile za Google zinazoonyesha kwamba zaidi ya 40 katika kila 100 ya watumiaji wake wanamfikia kwa IPv6, zinanieleza nani amewasha. Sijui hata mmoja wao amezima nini.

Kwenye seva tulichukua njia nyingine. Ndani ni IPv6 pekee, na ya nne inaishia mlangoni, kwenye mashine mbili zinazopokea wageni wa aina zote na kuwapeleka ndani kwa ya sita. Faiwoli za ndani zina seti moja ya kanuni. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu asiye fundi raha ya jambo hilo. Ile ankara iliyokuwa na wino mwekundu imebaki na mstari wa anwani mbili, na bosi wangu, ambaye hakusoma ripoti hata moja, sasa huwaeleza wageni kuhusu IPv6 kana kwamba aliibuni.

Fundi mzee naye alikuja mwezi uliopita kututembelea. Nilimwonyesha kila kitu. Akataka kuona kanuni za faiwoli, akazisoma polepole, mstari kwa mstari, miwani puani. Mwisho akanyoosha kidole kwenye mstari unaoruhusu ile aina ya ICMPv6 iliyonitesa Jumatatu ile ya kwanza. "Hii umeisahau wazi."

Nikamwambia hapana mzee, kaa nikueleze. Tulikaa mpaka jua likazama, na printa ya ghorofa ya pili, ambayo haijui IPv6 na haitaijua, ikawa inaguna nyuma yetu, peke yake kwenye mtandao wake mdogo wa 192.168, ikichapa.